Kidonge hiki kina ngano? Mwongozo kamili wa kuchunguza dawa kwa mwenye siliaki

Mtu akishaambiwa ana siliaki, maradhi ambayo utumbo mdogo hudhuriwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, vita huanzia jikoni. Boflo linaondoka mezani, maandazi na chapati za asubuhi zinaondoka, urojo unatizamwa kwa jicho jengine kwa kuwa rojo lake hupikwa kwa unga wa ngano, na bokoboko la Iddi wanaachiwa wageni. Wiki chache baadaye, jiko likishatulia, macho hugeukia kwenye kabati: vidonge vya presha vya kila siku, vitamini za mjamzito, sharubati ya kikohozi ya watoto. Na hivi je, vina ngano?

Mara nyingi mno jibu ni hapana. Na vile vichache vyenye ngano, kiasi chake kwa kawaida ni kidogo hata mwenye siliaki huweza kuvimeza asidhurike. Lakini "mara nyingi" haimtoshi mtu anayemeza kidonge kilekile kila siku kwa miaka. Njia ya kujua ipo. Inataka simu yenye kamera, subira ya dukani, na swali moja linaloulizwa vizuri: wanga wake ni wa nini?

Ngano inatafuta nini ndani ya kidonge

Chukua kidonge cha amlodipine, dawa ya presha, cha miligramu 5. Dawa yenyewe, ukiitenga, ni kiasi ambacho ukikimwaga kiganjani utakitafuta. Kilichobaki chote ni vitu vya kujazia: vya kukifanya kidonge kishikike kwa vidole, kisimeguke safarini, kisigande kwenye mashine, kisha kivimbe na kupasuka kikifika tumboni. Wanga ni hodari wa kazi hizo na bei yake ni nafuu, ndiyo maana umo kwenye vidonge vingi. (Wanga wa chakula, si wale watokao usiku.) Huweza kuwa wa mahindi, mbatata, muhogo, mchele au ngano. Wa mahindi na wa mbatata ndio unaotumika zaidi. Wa ngano upo, kwa uchache.

Tena wanga wa ngano si sawa na unga wa ngano. Gluteni ni protini, na wanga hupatikana baada ya protini hiyo kuoshwa na kutengwa. Kinachosalia ni mabaki tu. Viwango vya dawa vya Ulaya vinataka wanga wa ngano unaotiwa kwenye dawa usizidi sehemu 100 za gluteni katika milioni moja.

Tupige hesabu, maana hofu nyingi huishia kwenye hesabu. Tuseme kidonge kina miligramu 100 za wanga wa ngano. Kwa kiwango hicho cha juu kabisa, gluteni yake ni miligramu 0.01. Meza vidonge vinane kwa siku, ni miligramu 0.08. Mpaka ambao wataalamu wengi huuchukua kuwa salama kwa wagonjwa walio wengi ni miligramu 10 kwa siku, chakula na dawa pamoja. Kwa kulinganisha, boflo lina gluteni kama asilimia 8 ya uzito wake, kwa hiyo miligramu 10 ni chembe ya boflo ya uzito wa sehemu moja ya nane ya gramu, ile inayobaki kwenye kitambaa cha meza watu wakishanyanyuka.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichukua tahadhari zaidi. Katika rasimu ya mwongozo wake ya Desemba 2017 ilikadiria kuwa dawa ya kumeza yenye wanga wa ngano haitarajiwi kuzidi miligramu 0.5 za gluteni kwa dozi moja. Hata ukikichukua kiwango hicho kwa kila kidonge, na ukameza vinane, ni miligramu 4. Si hatari ya kukukosesha usingizi. Ila kama unameza kidonge hicho maisha yako yote na chakula chako nacho kina mabaki ya hapa na pale, ni haki yako kutaka kujua, na kuomba chengine ikiwa chengine kipo.

Jambo moja lisichanganywe. Mwenye mzio wa ngano, yule anayevimba midomo au kubanwa na kifua akila ngano, si mgonjwa wa siliaki, na hesabu hizi si zake. Huyo dawa yenye wanga wa ngano aiache kabisa mpaka azungumze na dakta wake.

Zipi uchunguze, zipi uziache

Gluteni humdhuru mwenye siliaki ikipita kwenye utumbo mdogo. Kwa hiyo sindano, dripu, insulini, chanjo, matone ya macho na ya masikio, krimu za ngozi na plasta za dawa usizipotezee muda. Zinazobaki ni zile za mdomoni: vidonge, kapsuli, vya kutafuna, sharubati, unga wa kukorogwa kwa maji, na vitamini. ORS ya kawaida, ile ya kukorogea mwenye kuharisha, ni glukosi na chumvi, haina shida.

Kapsuli ina sehemu mbili. Ganda huwa la jelatini au la selulosi ya mimea, na yote mawili hayana gluteni. Watu wengi kwetu huuliza kama jelatini hiyo ni ya ng'ombe au ya nguruwe, na mfamasia ameshazoea kuulizwa. Swali la wanga ni ndugu ya swali hilo, liulize palepale bila haya: ganda ni la nini, na unga uliomo umejaziwa nini?

Kwanza lione boksi

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Vidonge vinatoka kwenye kopo la elfu moja, vinahesabiwa juu ya kisahani, vinatiwa kwenye kibahasha cha plastiki kilichoandikwa kwa peni "1x3", na mgonjwa anaondoka. Kwenye kibahasha hakuna jina la kiwanda, hakuna namba ya bechi, na hakuna karatasi ya maelezo. Dawa hiyo huwezi kuichunguza, kwa sababu hujui ni ya nani. Paracetamol ya kiwanda kimoja na ya kiwanda chengine zinaweza kuwa na wanga wa mimea tofauti.

Basi kabla hujapokea kibahasha, omba kuona kopo au boksi. Maneno kama haya yanatosha:

"Assalaam alaykum, dada. Samahani, nina maradhi ya siliaki, tumbo langu halitaki ngano wala shayiri. Naomba niitizame boksi ya dawa hii, niipige picha, na kama ile karatasi ya ndani ipo naomba niione."

Usiulize "ina gluteni?" Wengi hawajalisikia neno hilo, na kwa adabu ya kwetu mtu asiyejua hupenda kumtuliza mgonjwa: "Haina, mama, meza tu." Jibu hilo limetoka moyoni, halikutoka kwenye karatasi. Ukimuuliza mfamasia wanga ni wa mmea gani, itambidi asome, na akishasoma mtajua nyote wawili.

Piga picha pande zote za boksi: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, jina na anwani ya kiwanda, nchi, namba ya bechi, tarehe ya kumalizika muda. Picha iwe safi, isomeke hata ukiikuza. Paketi yenyewe ukipewa, usikate upande wenye maandishi.

Kusoma kilichoandikwa, na kisichoandikwa

Boksi nyingi zinazofika kwetu zimeandikwa hivi: kila kidonge kina dawa fulani BP miligramu kadhaa, kisha neno "Excipients" na herufi "q.s." Neno hilo ndilo vitu vya kujazia, na herufi hizo ni ufupisho wa Kilatini wenye maana ya "kiasi kinachotosha". Yaani wamekwambia vimo na hawakukwambia ni nini. Boksi ya namna hiyo haijibu swali lako. Herufi BP, USP au IP mbele ya jina zinaonesha kitabu cha viwango kilichofuatwa, cha Uingereza, Marekani au India. Si alama ya kuwa haina gluteni.

Karatasi ya ndani ndiyo yenye habari. Zilizopangwa kwa mtindo wa Ulaya, nenda moja kwa moja sehemu ya 6, panapoelezwa dawa ina nini na paketi ina nini. Kisha rudi sehemu ya 2, panapoonywa kabla ya kumeza: dawa yenye wanga wa ngano iliyosajiliwa Ulaya hutakiwa iseme hapo, na itaje ni mikrogramu ngapi za gluteni kwa kidonge (mikrogramu elfu moja ndizo miligramu moja). Karatasi ya wataalamu, ile ndefu yenye maandishi ya sisimizi, orodha ya vijazio iko namba 6.1. Karatasi za Marekani huiweka namba 11, au chini ya maneno "Inactive ingredients".

Sasa maneno yenyewe. Neno la kulisaka ni "starch". Likija na jina la mmea, kazi imekwisha: "maize" au "corn" ni mahindi, "potato" ni mbatata, "tapioca" ni muhogo, "rice" ni mchele, na zote hizo ni salama. "Wheat" ni ngano. Baadhi ya karatasi hutumia Kilatini, na hapo jifunze majina matatu tu ya kukwepa: Triticum ni ngano, Hordeum ni shayiri, Secale ni rai, nafaka ya nchi za baridi isiyolimwa kwetu. "Amylum tritici" basi ni wanga wa ngano, na "Amylum maydis" ni wa mahindi.

Dawa zinazoletwa na jamaa kutoka Muscat au Dubai mara nyingi huwa na upande wa Kiarabu, na aliyepita chuoni atausoma bila tabu. Nasha ni wanga, dhura ni mahindi, qamh ni ngano, na sha'ir ndiyo shayiri yetu hiyohiyo.

Likija "starch" peke yake, bila mmea, simama hapo. Vivyo hivyo "pregelatinised starch" (wanga uliopikwa kidogo kiwandani), "modified starch", "dextrin" na "sodium starch glycolate". Hiki cha mwisho ndicho kinachotisha watu bure kuliko vyote, maana aghalabu hutengenezwa kwa wanga wa mbatata, mara nyengine wa mahindi, na ni nadra kuwa wa ngano. Kinastahili swali, hakistahili hofu.

Kuna maneno yanayofanana na adui na si adui. "Magnesium stearate" si wanga. Ni mafuta ya kuzuia kidonge kisigande kwenye mashine, ila jicho likisoma haraka huona "starch". "Maltodextrin", "maltitol" na "maltose" hayana uhusiano na kimea cha shayiri. Maltodextrin huweza kutengenezwa kwa ngano, lakini husafishwa kiasi kwamba sheria za chakula za Ulaya zimeiondolea sharti la kutangazwa kuwa ni ngano. Lakini ukikuta "malt" au "malt extract", hicho ni kimea chenyewe, na kimea kwa kawaida ni shayiri. Hiyo iache.

Laktosi, selulosi, povidone, talki, silika, titanium dioxide, hypromellose, croscarmellose, manitoli na sorbitoli hazina gluteni. Zinaweza kukuchafua tumbo kwa njia nyengine, tutafika huko.

Karatasi haipo? Itafute kwa simu

Andika kwenye intaneti jina la dawa pamoja na jina la kiwanda, si jina la dawa peke yake. Mahali patatu panafaa. DailyMed, hazina ya karatasi za dawa ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, huandika kijazio kimoja kimoja na mara nyingi hutaja mmea, mathalani "starch, corn", au sodium starch glycolate ikifuatiwa na neno la mbatata. Emc, tovuti ya Uingereza, ina karatasi za dawa zinazouzwa huko. Na kwa dawa za malaria, kifua kikuu, Ukimwi na nyengine zinazonunuliwa na mashirika ya kimataifa, Shirika la Afya Duniani huchapisha ripoti ya kila bidhaa iliyopitishwa kwenye mpango wake wa kuhakiki ubora, na vijazio vimo ndani. Hapa ndipo penye faida kubwa kwetu, kwa sababu dawa hizo ndizo zinazofika hospitali za serikali.

Onyo ni moja: usisome karatasi ya bidhaa nyengine ukajiridhisha. Coartem, dawa ya mseto ya malaria, haina wanga wa aina yoyote kwenye orodha yake. Kidonge chake kimejaziwa selulosi, croscarmellose, hypromellose, silika, polysorbate na magnesium stearate. Mseto wa kiwanda chengine una dawa zilezile mbili, artemether miligramu 20 na lumefantrine 120, lakini umejaziwa kwa mapishi ya kiwanda hicho. Pilau ya nyumba hii na ya nyumba ile zote zina mchele na nyama. Viungo ni siri ya mpishi.

Kuwaandikia wenye kiwanda

Anwani iko kwenye boksi, na barua pepe hupatikana kwenye tovuti yao, sehemu ya usalama wa dawa au ya kuulizia habari za tiba. Bora barua itoke kwa mfamasia au dakta wako, hujibiwa haraka zaidi. Iwe fupi, ikitaja jina la dawa, nguvu, umbo, bechi na nchi ulikonunua, kisha iulize mambo manne:

Je, kuna kijazio chochote kilichotokana na ngano, shayiri au rai? Wanga, dextrin na sodium starch glycolate zilizomo ni za mmea gani? Kama ni ngano, gluteni ni kiasi gani kwa kidonge kimoja? Na kijazio hicho hununuliwa kwa muuzaji mmoja, au chanzo hubadilika?

Swali la nne watu hulisahau, na ndilo linalokuambia kama jibu la leo litafaa mwakani.

Majibu huja kwa namna tatu. La kwanza ni wazi: hakuna kijazio kilichotokana na nafaka zenye gluteni. Hilo ndilo bora kupatikana, na kwa dawa halina pungufu. La pili: wanga ni wa ngano, gluteni ni kiasi fulani. Fanya hesabu kama tulivyofanya juu, zidisha kwa idadi ya vidonge vya siku, linganisha na miligramu 10. La tatu ndilo linalowavunja watu moyo: "hatupimi gluteni, hivyo hatuwezi kuthibitisha." Lisome polepole. Halisemi gluteni ipo. Linasema mwanasheria wao hataki kuweka saini. Waandikie tena, safari hii uulize chanzo cha wanga tu. Wakisema mahindi au mbatata, umepata jibu lako.

Usipoteze fedha kusaga kidonge na kukitia kwenye vijiti vya kupimia gluteni ya chakula. Havikutengenezwa kwa kazi hiyo, na rangi na vijazio vya kidonge vinaweza kukupa jibu la uongo upande wowote.

Umeze au usimeze?

Dawa ya hatari haisubiri barua pepe. Mseto wa malaria, antibiotiki ya homa kali, dawa za kifafa, za kifua kikuu, za Ukimwi, za presha, za sukari: meza kwa wakati, uchunguzi uendelee pembeni. Malaria inaua ndani ya siku chache. Wanga wa ngano wa kidonge, hata ukiwepo, haufanyi hivyo. Kuacha dozi katikati kwa kuogopa gluteni ndilo kosa kubwa kuliko yote katika habari hii nzima.

Kwa dawa ya kudumu ambayo imethibitika ina wanga wa ngano, rudi kwa aliyekuandikia, muombe dawa hiyohiyo ya kiwanda chengine. Mara nyingi ipo, ikiwa si Chake Chake basi mjini Unguja, na ikiwa si mjini basi Dar es Salaam. Ukiagiza kwa mtu anayevuka kwa boti, mtumie picha ya boksi, si jina tu, maana jina tu litakuletea boksi nyengine. Kuhusu usajili wa dawa visiwani na kuripoti madhara, mlango ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Ukipata madhara usiyoyaelewa, taarifa yako huko ina kazi.

Gluteni inapoingilia kweli

Ukiona kipimo chako cha damu cha tTG, kile kinachoonesha kama gluteni bado inakudhuru, hakishuki, au kilishuka kisha kikapanda, usianze na kidonge. Anza na kile kinachoambatana nacho.

Mgonjwa akidhoofika, jamaa wanamletea soda ya kimea eti inaongeza damu, au kikombe cha chokoleti ya unga yenye kimea. Hiyo ni shayiri iliyokorogwa kwa maji, na chupa moja inaweza kushinda wanga wa vidonge vya mwezi mzima. Uji wa shayiri wa Ramadhani nao hivyohivyo. Uji wa shurba wa futari, kama umekolezwa ngano, nao umo.

Kisha kinachotumika kumezea. Mtoto hataki kidonge kichungu, kinapondwa kinatiwa ndani ya andazi, au kinafuatishwa na biskuti ili asitapike. Kipande cha andazi cha gramu 30 kina gluteni ya gramu mbili hivi, yaani miligramu elfu mbili. Pondea kwenye ndizi mbivu, asali, uji wa mchele au wa muhogo. Lakini uliza kwanza kama kidonge hicho kinapondeka, maana vingine vimepakwa ganda makusudi ili viachie dawa polepole.

Vitamini na "dawa za nguvu" za makopo zinastahili jicho kali kuliko dawa ya hospitali, kwa sababu huuzwa kama chakula na mchanganyiko wake hubadilika bila taarifa. Kataa zenye majani ya ngano au ya shayiri, pumba, kimea, au hamira iliyotokana na utengenezaji wa bia. Dawa za asili za unga nazo: habasoda, mdalasini na mizizi havina gluteni vyenyewe, swali ni kinu. Kama vimesagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, vimebeba. Nunua nzima, twanga nyumbani.

Boksi ikibadilika sura

Mwezi huu boksi ni ya buluu, mwezi ujao ni nyeupe yenye msitari mwekundu, na dawa ni ileile. Ni bohari imepata mzigo wa kiwanda chengine. Kwako wewe hiyo ni dawa mpya, anza upya: picha, karatasi, orodha. Hata kiwanda kikiwa kilekile, soma tena angalau mara moja kwa mwaka.

Weka picha zote kwenye simu katika albamu moja, na kando ya kila picha andika tarehe na jibu: "mahindi", "mbatata", "haina wanga", "bado sijui". Baada ya miezi sita utakuwa na orodha inayofaa wewe na mwengine mwenye siliaki kisiwani.

Tumbo likichafuka baada ya kumeza

Usikimbilie kusema ni gluteni. Metformin, dawa ya sukari, huharisha watu wengi mwanzoni. Antibiotiki ya amoxicillin iliyochanganywa na clavulanate nayo huharisha. Madini ya chuma hufunga choo na kukifanya cheusi. Sorbitoli ya kwenye sharubati huvuta maji tumboni. Na mgonjwa mpya wa siliaki, ambaye utumbo wake bado haujapona, huwa hawezi laktosi vizuri kwa muda, kwa hiyo maziwa yanamsumbua kuliko kidonge.

Kuna dawa moja ya presha ya kuitaja kwa jina: olmesartan. Kwa watu wachache huleta kuharisha kukali na kupungua uzito, na kuharibu utumbo kwa sura inayofanana mno na siliaki, hata baada ya miezi au miaka ya kuitumia. Mamlaka ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2013. Kama unaitumia na unaharisha bila kikomo ingawa umeacha ngano kwa uaminifu, mwambie dakta, usiiache mwenyewe.

Jambo jengine ni kupona kwenyewe. Utumbo ukipona hunyonya dawa vizuri zaidi. Anayetumia levothyroxine ya tezi huenda akahitaji dozi kupunguzwa baada ya miezi kadhaa bila ngano, basi apimwe tena. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka hapo huwa ni dozi iliyozidi, ngano haimo.

Skuli na wodini

Siku ya dawa za kichocho na minyoo skulini, mtoto mwenye siliaki asizuiliwe dawa. Zungumza na mwalimu mapema, umuulize watoto watakula nini kabla ya kumeza, maana praziquantel tumbo tupu hutia kichefuchefu. Kama ni andazi au biskuti, mfungie mwanao ndizi au muhogo wa kuchemsha.

Ukilazwa, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, muuguzi hana muda wa kusikiliza historia ndefu. Andika kikaratasi hiki, kimoja kikae kwenye faili, kimoja kitandani:

"Nina maradhi ya siliaki. Sili ngano, shayiri wala rai: boflo, chapati, maandazi, tambi, biskuti, uji wa shayiri, soda ya kimea. Nala wali, muhogo, ndizi, mbatata, ugali wa sembe. Sindano na dripu hazina tatizo. Vidonge vya dharura nipeni bila kusubiri. Vidonge vya kudumu naomba nione boksi. Nikiwa siwezi kusema, muulizeni aliye pembeni yangu. Picha za dawa zangu ziko kwenye simu yangu."